Nilitaka Pikipiki Laini

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na uzigawe hapo nyumbani kwako. Fungu kubwa mpe mkeo, maana najua ndiye atakayeifungua barua hii kabla hujavua viatu, kisha watoto, na zitakazobaki ni zako. Natumaini mu wazima wote, na lile bega lililokuwa likikuuma kwa kushinda kwenye usukani wa basi limepoa. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako hajambo, wanao wanasoma na kugombana kama kawaida. Mimi nipo. Ukifika chini ya barua utajua kwa nini sikuandika kwamba sijambo.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ndugu yangu, mimi na wewe kwenye simu hatujui kuongea. Tutaanza na mpira, tutataniana, utaniuliza kama bado nakoroma, nitacheka, halafu utasema haya kaka, abiria wananisubiri. Nimeshajaribu hivyo mara nyingi, na kila mara nilikata simu neno lenyewe sijalisema.

Nianze na pikipiki. Unaijua ile yangu nyekundu, uliyoiita punda siku ulipokuja kututembelea. Ndiyo iliyokuwa mguu wangu wa kazi. Asubuhi nambeba shemeji yako hadi hospitali, kule kwenye chumba cha kufulia mashuka, kisha nafunga sanduku langu la vifaa pale alipokuwa amekaa na kuanza mzunguko wa mafundi nguo. Huyu cherehani yake inaruka uzi, yule mkanda umekatika, mwingine ameingiza sindano kinyume na anaapa hakuigusa. Kazi yangu naipenda, unajua.

Basi mwaka jana punda akaanza kunitesa. Kila safari nilifika kiuno kimevunjika. Shimo la kwanza, paa! La pili, paa! Nikaona kiti kimezeeka. Nikampelekea fundi makochi, akakijaza sponji hadi nikawa nakaa juu kama bwana harusi. Haikusaidia. Nikabadilisha shokapu za nyuma, kisha za mbele. Nikapunguza upepo kwenye matairi. Bado mambo yakawa yaleyale. Siku moja shemeji yako akaniambia kutoka nyuma, kwa sauti ya upole kabisa, "Mume wangu, hivi haya mashimo unayatafuta?" Nikacheka. Nikamwambia barabara imeoza. Akasema majirani wanapita barabara hiyohiyo na chai yao haimwagiki. Nikaongeza mwendo.

Baada ya hapo akaanza kutoka nyumbani mapema, akaenda kazini kwa miguu. Alisema anataka kupunguza unene. Mdogo wangu, unamjua shemeji yako. Unene gani?

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaunganisha, au niseme sikutaka kuyaunganisha. Nilikuwa nikigonga bega kwenye fremu za milango. Nilikuwa nikipiga teke ndoo iliyowekwa palepale siku zote, halafu nawafokea watoto kwa nini wameisogeza. Mtu akinisalimu kutoka ubavuni nilishtuka kama mwizi. Lakini kwenye kazi yangu nilitia uzi kwenye tundu la sindano bila hata kukunja uso. Mtu anayeona tundu la sindano ataambiwa vipi kwamba haoni? Ndivyo nilivyojijibu, na jibu likanitosha.

Nikaamua tatizo ni pikipiki. Pale nyumbani tukabishana. Mimi nikisema nimpeleke punda kwa muuzaji, niongeze kidogo, nichukue moja kubwa, pana, yenye kiti cha kulalia na mahali pa kuegemea mgongo kwa ajili ya abiria. Shemeji yako akisema ile tuliyo nayo imebadilishwa kila kitu isipokuwa rangi, na kama bado inaumiza, basi huenda kinachoumiza si pikipiki. Nilimuuliza anamaanisha nini. Akasema hajui, yeye anasema tu.

Muuzaji mwenyewe ni mzee mmoja mcheshi, wote humwita Mzee Starehe, maana hakuna pikipiki atakayokuonyesha asiseme ni starehe tupu. Uwanja wake uko nyuma ya ghala la mbao, pikipiki zimepangwa mstari zimefutwa hadi zinang'aa. Aliitazama nyekundu yangu, akatikisa kichwa kama daktari, akasema huyu mnyama anahitaji pensheni. Kisha akanitolea moja nyeusi, pana kama kochi. Akasema nimchukue mama naye ajaribu, tuzunguke mtaa, tukirudi hatutataka kushuka. Shemeji yako alikuwa amekuja kwa sababu nilimbembeleza sana. Akapanda.

Kilichofuata unakijua, kwa sababu nilikusimulia mwenyewe jioni ileile. Nilikuambia tulikuwa tunakwenda polepole, Bi Mkasi akavuka barabara, nikakanyaga breki na breki hazikushika. Bi Mkasi ni fundi nguo, mteja wangu wa siku nyingi, mama anayejitegemea kwa mkono wake. Alianguka juu ya mkono huo. Kifundo kikavunjika. Nilikuambia Mzee Starehe anauza majeneza yaliyofutwa vumbi, na wewe ukapandisha hasira kwa niaba yangu. Ukasema mtu kama huyo ni wa kupelekwa polisi. Ukasema ungekuwa karibu ungemfuata mwenyewe.

Nilisema hivyohivyo pale barabarani, watu walipojaa. "Breki! Hazina breki!" Neno lilitoka lenyewe, kabla sijainuka. Na watu wakaliamini upesi, kwa sababu wanapenda kuamini kwamba muuzaji ni mwongo. Mzee Starehe alikuja mbio na kandambili moja mguuni. Akaisukuma ile pikipiki, akabana breki mbele ya watu, gurudumu likagoma kuzunguka. Wakamzomea. Wakasema imeshika sasa baada ya kuvunja mtu. Yule mzee mcheshi alinitazama mimi, si wao, na hakuwa na utani wowote usoni.

Bi Mkasi naye, akiwa amekaa chini ameshikilia mkono wake, alikuwa akirudia neno moja. Alikuwa akisema, "Mbona alikuwa ananitazama tu? Mbona alikuwa anakuja tu?" Watu wakamwambia pole mama, umeanguka vibaya, kichwa kimezunguka. Na mimi, mdogo wangu, nikamwambia hivyohivyo.

Wiki zilizofuata wateja wakapungua pale uwanjani kwa Mzee Starehe. Nilipita pale, nikaona pikipiki zilezile mstari uleule, zimeanza kushika vumbi. Nikawa napita njia nyingine.

Shemeji yako hakusema kitu. Alipika, alifua, aliniwekea chakula. Kisha mchana mmoja wa Jumapili, tukiwa tunakunja mashuka yetu, kila mmoja ameshika ncha zake, akaniambia bila kunitazama. Alisema, "Mimi nilikuwa nimekukumbatia kwa nyuma. Mtu akibana breki, aliye nyuma anasukumwa mbele. Mimi sikusukumwa. Wewe hukugusa breki." Nikasimama na shuka mkononi. Akasema tena, "Nilimwona yule mama tangu alipokanyaga barabara. Nilidhani unamwona. Nilikupigia kelele ukiwa tayari umeshamfikia." Halafu akalia. Hakuwa akilia kwa ajili ya Bi Mkasi peke yake. Alilia kwa sababu alikuwa ameubeba uongo wangu wiki zote zile, na watu walipomuuliza alikuwa akiinamisha kichwa.

Basi ukweli ndio huo, na nauandika kwa mkono wangu. Breki za ile pikipiki zilikuwa nzima. Sikuzigusa kwa sababu sikumwona mtu. Alitokea kushoto, na kushoto kwangu hakukuwa na mtu, hakukuwa na barabara, hakukuwa na kitu chochote. Sikuona giza, nisikudanganye. Ungeona giza ungeshtuka. Ni kama vile sehemu ile ya dunia haipo na wewe huikumbuki.

Shemeji yako akanipeleka kwa daktari wa macho. Walinikalisha mbele ya mashine kama bakuli, nikaambiwa kidevu hapa, tazama katikati, kila ukiona nukta ya mwanga bonyeza kitufe. Nikaona nukta, nikabonyeza. Nyingine, nikabonyeza. Halafu kukawa kimya kirefu. Nikangoja. Mwisho nikamwambia muuguzi aliyekuwa kando kwa heshima kwamba mashine yao imeharibika, haitoi mwanga. Akasema taratibu, "Baba, inatoa. Endelea kutazama." Nilitamani kujificha ndani ya bakuli lile. Hata pale, mdogo wangu, nilikuwa nimeanza kuilaumu mashine.

Daktari akasema ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu, na katikati inakuachia hadi mwisho, ndiyo maana sindano niliiona na mtu sikumwona. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Kuendesha chombo, basi tena.

Nilikwenda kwanza kwa Bi Mkasi. Nilimweleza akiwa na plasta mkononi. Aliniacha nimalize, kisha akasema kinachomuuma si mkono. Kinachomuuma ni kwamba aliona sawasawa, na mimi nikawaacha watu wamwambie kwamba amechanganyikiwa, hadi naye akaanza kujitilia shaka. Sasa kila alasiri nakaa kwenye cherehani yake nashona kazi za wateja wake, yeye amesimama nyuma yangu ananiongoza. Mimi natengeneza mashine, sijui kushona. Anaifumua kola niliyoishona na kunirudishia niishone upya.

Kwa Mzee Starehe ilikuwa vigumu zaidi. Nilisema mbele ya wauza mbao na wapita njia, kwa sauti, ili wasikie walewale waliomzomea. Wachache walisikia. Uongo wangu ulikuwa umefika mbali kuliko sauti yangu. Aliendelea kufuta tangi la pikipiki moja hadi nilipomaliza. Nilipomwambia bado nahitaji kubadilisha ile nyekundu, akasema biashara atafanya na mke wangu, si na mimi. Na akafanya naye. Akampa moja fupi, ambayo miguu yake inafika chini, akamfundisha palepale uwanjani, akamcheka alipoiangusha, akampongeza alipozunguka ghala bila kugusa ukuta. Mimi nilikaa juu ya gogo. Hakunisalimu siku hiyo wala hajanisalimu hadi leo, na sina haki ya kulalamika.

Kwa hiyo sasa shemeji yako ndiye anayeendesha, na mimi nakaa nyuma nimekumbatia sanduku la vifaa. Vijana pale njia panda wananiita bibi harusi. Mashimo hayajapungua hata moja, mdogo wangu. Yeye anayakwepa tu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Siku ileile ya kwanza daktari aliniuliza kama baba au mama aliwahi kuugua macho. Nikakumbuka baba alivyokuwa akipapasa ukuta kwenda chooni, na sisi tukasema ni uzee. Daktari akasema ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Akauliza kama nina ndugu wa kuzaliwa naye. Nikasema ninaye mmoja. Akauliza anafanya kazi gani.

Nilimwambia. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwambie leo."

Ilikuwa kabla ya mvua. Mvua zimenyesha, zimekwisha, watu wamevuna, na mimi sijakwambia. Kukwambia habari ya macho ilikuwa lazima nikwambie habari ya breki, na wewe ulikuwa umeshanitetea kwa madereva wenzako wote. Nilitaka nibaki kaka yako mwenye haki kwa muda kidogo zaidi. Kila asubuhi nilijua umeamka, umewasha basi, na watu wamepanda na watoto wao mapajani. Kila asubuhi nilisema kesho. Kumwangusha Bi Mkasi sikukusudia. Hili nililifanya kwa macho yangu mawili, haya yaliyobaki, yakiwa wazi kabisa.

Nakuomba usipande basi lile kabla hujapimwa. Mwambie bosi wako unaumwa, mwambie kaka yako amekufa kama itabidi. Waombe wakupime pembeni kwa ile mashine ya nukta, usikubali kusomeshwa herufi ukutani tu, maana herufi mimi nazisoma zote. Ukikutwa mzima, nitukane ninavyostahili, nitaisoma barua yako mstari kwa mstari. Ukikutwa unayo, matone yapo, na bado mapema. Na kama katika miezi hii niliyonyamaza limekupata jambo barabarani, usilifiche, niambie mimi kwanza.

Shemeji yako amesoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema nisiitume kwa posta, itachelewa. Kwa hiyo anaileta yeye mwenyewe kwa gari la alfajiri, na ameapa hatatoka hapo kwako mpaka akuone umeingia kwa daktari. Mpokee vizuri, msafiri huyo, na mpishie kitu cha moto.

Wasalimie wote wanaotuulizia. Watoto wanasema shikamoo baba mdogo. Nakupenda, na naona haya.

Ni mimi kaka yako,
niliyechelewa.