Video ya Moyo wa Papa Grégoire

Mshauri mpendwa, kila Jumamosi ninakusikiliza redioni nikichagua maharage, leo nisaidie mimi, maana nyumba yetu ya Kadutu imekuwa ya kilio na marehemu bado anakula. Papa yetu Grégoire, baba aliyetuzaa, alipasuliwa kifua Nairobi mwaka jana, wakamwekea njia mpya za damu moyoni, akapona, akapanda tena ngazi mwenyewe hadi kwenye duka lake la vitenge, halafu mwezi huu nikamrudisha huko kwa kipimo, wakamdunga dawa yenye mionzi kidogo, mashine ikapiga picha za moyo wake ukidunda, na mimi nikafilimu ile skrini huku daktari akieleza, nikatuma video kwenye grupu la familia kabla hata hatujatoka. Kaka yangu Bisimwa, aliyesoma biolojia, akajibu: "Elodie, ule ukuta wa katikati ya moyo unaenda kinyume! Moyo iko inakufa." Tangu hapo papa anakatazwa hata ngazi, tonton Anaclet, ndugu yake, amechukua funguo za duka, na ameita familia yote Jumapili ili papa aache wosia, ng'ombe wagawanywe, na mwenyewe hajaambiwa kitu. Jana alinishika mkono: "Mutoto yangu, mbona munanitazama kama maiti? Kama ninakufa uniambie, nivae koti ya muzuri." Nilicheka, kisha nikajifungia jikoni nikalia. Nimwambie, au nimwache afike Jumapili bila kujua?

Elodie, Kadutu

Elodie, pole. Sasa futa machozi, nikugombeze.

Daktari alisema nini? Umeniandikia yote, hata koti, lakini neno lake halimo. Ulikuwa unafilimu!

Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimuuliza mmoja wa moyo. Anasema baada ya kupasuliwa kifua, ukuta ule mara nyingi huonekana ukienda kinyume, kwa sababu moyo wenyewe sasa unasogea tofauti kifuani. Hilo peke yake si kifo. Wao hutazama kama ukuta unanenepa moyo unapojikaza, na kama damu inaufikia. Mtazame mama anayetwanga sombe, yale majani ya muhogo: usifuate mkono unakokwenda, angalia kama msuli unakaza. Kama haukazi, hiyo ni habari nyingine, lakini si Bisimwa wa kuitangaza kwa kutazama simu.

Na huyo tonton! Kwa mazishi tuna kamati, mchango, sare na kwaya. Kwa mgonjwa anayepumua hatuna hata mtu mmoja wa kuketi amsikilize daktari. Tunajua kuzika, hatujui kuuguza.

Piga simu Nairobi leo, papa akiwa karibu yako, sauti wazi, maana moyo ni wake. Uliza: damu inafika? Ukuta unanenepa? Moyo unasukuma kwa nguvu gani? Anaruhusiwa kupanda ngazi? Dawa asiache hata moja. Kifua kikimbana au pumzi ikimkatika, mpeleke hospitali, si kwenye grupu. Ile video futa.

Jumapili usiivunje, wageni wameshaitwa. Papa avae koti lake zuri na awaambie mwenyewe jibu la daktari, liwe tamu au chungu. Wosia atautoa siku atakayochagua yeye. Na kama daktari ameruhusu, Anaclet asimame mbele ya wote, amrudishie funguo za duka.