Mfano Usio na Baki

5 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na dada, mumewe na wanawe wawili. Naandika kwa kuwa najua masikio yako na simu hayapatani. Mimi sijambo, ila dirisha langu linatazamana na ukuta wa jirani, na kuna siku mtu pekee ninayezungumza naye ni muuza duka, tena ni kuhusu mkate.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa. Waandika programu hawakokotoi kila kitu wenyewe. Wanaazima fomula zilizokwisha kuandikwa na kuwekwa pamoja. Mimi naandika kurasa za maelezo: fomula hii inapokea nini, inarudisha nini, inakwama wapi. Ile ya kipeuo cha pili, ukiipa tisa inakupa tatu, ukiipa namba hasi inakugomea. Fomula ikibadilishwa, nami nabadilisha ukurasa. Wenzangu siwaoni, tunaandikiana tu.

Sasa msimamizi anataka kila ukurasa uwe na mfano wa nyumbani, siyo x na y. Nikajisemea, kwani mimi si mtoto wa mwalimu wa hesabu? Nitafutie mfano wa pembetatu mraba, na mwingine wa kugawanya kunakoacha baki.

Mwanao, kitindamimba

21 Februari

Kwako Bi Maswali,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, mabega yangu tu yanalalamika, na hayo nimeyazoea. Kumbe siku hizi mtu anaajiriwa kueleza namba hasi. Mimi nilizieleza miaka yote darasani na nusu ya wanafunzi walikuwa wanasinzia.

Pembetatu: jana nilipanda kuzibua mfereji wa paa la jikoni. Mguu wa ngazi uko mita moja na nusu kutoka ukutani, ncha yake inagusa ukuta kwenye mita mbili, ngazi yenyewe ni mita mbili na nusu. Dada yako aliishika huku akinisema kwamba uzee na ngazi haviendi pamoja.

Baki: mayai kumi na matatu, watu watano. Kila mtu mawili, yanabaki matatu. Hayo matatu yalizua vita mezani, nikaamua kesi kwa kuyala mwenyewe. Hilo usiliandike.

Unakuja lini?

Baba yako

14 Juni

Baba,

Shikamoo. Mabega yanaendeleaje? Nisamehe kwa kukawia. Toleo jipya linakaribia na kurasa zimenizidi. Msomaji mmoja, hakuacha jina, ameandika kwamba mfano wa ngazi ndio uliomfanya aelewe. Nilifurahi, nikatafuta wa kumwambia nikamkosa, kwa hiyo nakuambia wewe.

Fomula ya baki imebadilishwa. Nahitaji mfano wa pili, wa mgawanyo usioacha kitu, ili msomaji aone jibu likiwa sifuri. Likizo nimeisogeza hadi mwisho wa mwaka, usinikasirikie. Na dada mbona kimya?

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Dada yako hajambo, amebanwa na mambo yake.

Mfano wako huu hapa: mayai manne, mtu mmoja. Anapata manne, baki sifuri.

Ngazi nimeiingiza ndani. Hakuna wa kuishika.

Baba yako

9 Agosti

Baba,

Shikamoo, natumaini u mzima. Naandika mbio mbio. Mfano wa mayai haufai, baba. Namba nzima yoyote ukiigawanya kwa moja haiachi baki, kwa hiyo msomaji hajifunzi kitu. Atadhani fomula inarudisha sifuri tu kila wakati. Ongeza watu, hata wakiwa wawili yatosha. Ukiuleta mapema nitashukuru, kurasa zinafungwa mwezi ujao.

Mwanao

2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo. Umesahihisha vizuri, ningekupa alama zote. Lakini hao watu wawili nikawatoe wapi?

Mume wa dada yako alihamishwa kikazi mwezi wa tano, wakaondoka wote. Mimi ndiye niliyemkataza dada yako asikuambie, nikijua hutafanya kazi kwa amani. Kisha nikaona haya kukuambia mwenyewe, mtu mzima na mvi zake aandike kwamba anaogopa nyumba tupu. Nikadhani utaliona kwenye hesabu.

Upweke ni mbaya, mwanangu. Asubuhi najiuliza nipike nini, najijibu, na jibu nalijua kabla sijauliza. Sikulaumu, kazi ni kazi. Ila mifano itafute kwa mwingine. Kila ninachokihesabu humu ndani kinaishia kwangu.

Baba yako

11 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Sikuona. Niliusoma ule mfano mara mbili, nikaona kosa, mtu sikumwona. Nimelia sana, baba, na si kwa ajili yako peke yako. Hata mimi huku nina sahani moja na kijiko kimoja, na nilikuwa nikikuambia sijambo.

Ukurasa ulitoka na x na y. Hakuna aliyelalamika.

Jana nilimwandikia msimamizi kumwomba ruhusa nifanyie kazi nyumbani kwetu. Akajibu kwamba hakuwahi kujua ninafanyia wapi, na kwake ni mamoja, mradi kurasa zifike. Miaka yote hii nilidhani kazi ndiyo iliyonishika huku. 

Kitanda nimempa jirani, ufunguo nitamrudishia mwenye nyumba Jumamosi, kisha napanda basi. Naja kukaa, siji kutembea. Ukichoka nami utasema.

Barua hii usiijibu, baba. Huku hakutakuwa na mtu wa kupokea jibu.

Mwanao