Faili la Historia Halifunguki

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemaliza kuchapa mtihani wa Historia, wa darasa la binti yangu. Rasimu ya mkono nimeichoma nyuma ya vyoo, Radi kanisimamia mpaka ikawa majivu. Radi ndiye mwalimu mkuu. Jina wamempa wanafunzi, nami nimelichukua, maana akiita mtu, madirisha yanaitikia. Tangu katibu aliyenitangulia afukuzwe kwa mtihani kuvuja, hakibaki kitu, si karatasi, si nakala kwenye mashine. Flashi moja tu, nalala nayo chini ya mto. Binti hajauliza hata neno. Historia ndiyo roho yake, anataka kusomea sheria, na alama hizi ndizo zitakazompeleka. Mimi nami bado niko kwenye majaribio. Kazi sijaishika vizuri.

Jumanne, 5 Novemba

Halifunguki!

Nabofya — linasema limeharibika. Nimezima mashine, nimewasha. Limeharibika. Kwenye kompyuta ya maktaba likafunguka, nikashukuru kwa sauti — kumbe viboksi na alama za kuuliza ukurasa mzima. Najua kosa. Jana Radi aliningurumia jina, nikachomoa flashi taa yake bado inawakawaka. Mkono huu!

Mwalimu wa Historia kajifungua leo kwa upasuaji. Nani ataenda kumdai maswali mtu aliyeshonwa? Mtihani ni Ijumaa. Radi kapita mlangoni kuuliza kama kila kitu kiko tayari. Nikasema kiko tayari. Nimesema hivyo, mimi mwenyewe!

Jumatano, 6 Novemba

Nimeenda kwa fundi wa kompyuta, yule wa duka la fotokopi. Nimekuta wanafunzi wetu wanne wameegemea kaunta. Shikamoo mama, shikamoo mama. Fundi kasema niache flashi, nirudi kesho. Niiache hapo! Nikanunua kalamu nisiyoihitaji nikatoka.

Dada yangu kwenye simu kacheka. Una mtaalamu ndani ya nyumba, unazunguka mji mzima unatafuta nini? Nimemkatia. Mtaalamu huyo ni binti yangu, na mtihani ni wake.

Alhamisi, 7 Novemba

Radi anautaka mtihani kesho asubuhi na mapema, anadurufu mwenyewe. Nilifika mpaka mlangoni kwake nimwambie ukweli. Alikuwa anamfokea mlinzi. Nikageuza.

Nyumbani nikamwambia binti kuna faili limegoma. Faili gani? La kazi. Kazi gani? Nikaibana flashi kiganjani, naye akaelewa, uso ukamkauka. Akasema, “Mama, mimi sitaki kuliona.” Nikamwambia huoni kitu, simama nyuma ya mlango, wewe sema, mimi nabofya.

Tukaanza. Usibofye faili lenyewe, fungua programu kwanza, liite kutoka ndani. Haya. Bonyeza kishale pembeni ya “fungua”. Kishale kipi? “Mama, kipo kimoja tu!” Nikachagua kufungua na kurekebisha. Likagoma. Akasema kuna njia ya kurejesha maandishi matupu. Nikatafuta, nikapotea, mashine ikaniuliza jambo nikajibu hapana, kila kitu kikafunga. Nikaanza kulia. Ndiyo, nililia, mtu mzima.

Akaingia. Sikumzuia. Namweka Mungu shahidi, ningeweza kumzuia.

Vidole vyake havikuchukua muda. Juu takataka, chini takataka, katikati maandishi. Akateremsha ukurasa taratibu, akateremsha tena. Akasema, “Maswali yapo yote, Mama. Mpaka la mwisho.”

Ndipo tukatazamana.

Nikamwambia wewe una akili, ungefaulu hata usingeona. Akasema, “Sasa hatutajua, si ndiyo?” Akaenda kuoga. Chakula hakugusa. Mimi nikakaa nanyoosha mistari, napanga namba za maswali, na furaha kidogo ninayo. Aibu gani hii, lakini ninayo.

Ijumaa, 8 Novemba

Radi kachukua flashi, kadurufu, kanisifu! Kasema nikiendelea hivi barua yangu ya ajira haitachelewa. Asubuhi binti alivaa sare, akanywa chai yake, tukatoka pamoja. Nikajua yamekwisha. Nikajiambia ni mtoto, ataandika tu.

Baadaye kidogo.

Nimepita kwenye kibaraza, nikajifanya napeleka chaki. Wenzake wote wameinama. Yeye kakaa wima, kalamu ameifunga, mikono juu ya meza. Karatasi nyeupe! Nimemkonyeza aandike. Ameniangalia vizuri tu, bila hasira, kisha akaangalia mbele. Nimerudi mbio ofisini.

Radi katoka hapa sasa hivi. Leo hakunguruma, kaongea taratibu, na hilo ndilo limenitisha. Ananiambia, binti yako hajaandika hata jina. Nimemuuliza anaumwa? Kasema haumwi. Nimemuuliza basi kuna nini? Kasema nije nikuulize wewe.

Nimemwambia nakuja, namalizia kuandika kitu. Amekaa ofisini kwake, mlango kauacha wazi, ananisubiri. Nikisema binti anaumwa ila anaficha, ataamini. Nikisema kweli, kazi ndiyo basi.