Jiwe la Ukurasa wa Mwisho

Alhamisi, 5 Novemba 1868
Mabega yamekwisha. Leo mawe kumi na moja ya kuchapia — kusugua kwa mchanga na maji hadi maandishi ya zamani yafutike. Kamusi ya yule mzee msomi, Munshi Girdhari Sahai, imebakiza ukurasa mmoja tu kuchapwa. Miaka kumi na tisa! Kiajemi upande huu, Kihindustani upande ule. Jumatatu wakubwa wa shule, Waingereza, wataipokea au wataikataa. Ikiwa pungufu, hawaitaki.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimeharibu. Mawe yaliyokwisha kuchapwa hukaa kushoto, yanayosubiri hukaa kulia. Uchovu — nikanyoosha mkono kulia. Nilipozinduka jiwe lilikuwa jeupe. Ukurasa wa mwisho! Na nakala hakuna. Munshiji haoni tena. Yeye hutaja, mwandishi wetu Mir Hashmat huandika, na karatasi aliyoandikia huharibika ikigandamizwa juu ya jiwe ili wino uhamie.

Mir aliporudi kutoka msikitini akaona. "Mbihari we! Huko kwenu Ara mnasugua sufuria na chakula kikiwa ndani?"

Nimekunja blanketi langu. Kwetu Ara ni siku kumi na tano kwa miguu.

Jumamosi, 7 Novemba
Asubuhi Munshiji alipofika kiwandani nikamwambia mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mwanangu, ukurasa ule haukunipendeza. Nilikuwa naona haya tu kumwambia Mir auandike upya."

Akacheka! Akaketi juu ya gunia langu la mchanga, akafumba macho, akaanza. Maneno arobaini na mawili, kwa mpangilio wake, na maana zake, bila kukwama popote.

Mir jasho linamtoka. "Munshiji, polepole! Mkono huu si farasi."

"Mbona jana ulimi wako ulikuwa farasi?" Munshiji akamuuliza; wenzangu walikwisha kumwambia ya jana.

Kiwanda kizima kicheko. Katikati akaniuliza mimi — mimi! — kwetu tunamwitaje mtu aliyerudi baada ya miaka mingi. Nikamwambia. Akaliingiza neno letu kwenye kamusi. Adhuhuri jiwe limejaa, jioni tumechapa.

Jumatatu, 9 Novemba
Nimemwongoza Munshiji hadi barazani kwa wakubwa wa shule, nimebaki nje. Naandikia gotini. Mlango wazi.

Mmoja kafungua kamusi, kauliza kwa ukali. Munshiji kajibu. Mwingine kauliza. Kajibu. Sasa robo saa, na ukali wote umekwisha — wanauliza kama wanafunzi! Yeye bado kasimama. Mbele ya wakubwa hawa watu wetu husimama, hata wazee.

Mmoja kamnong'oneza tarishi wao. Tarishi katoka mbio. Nimemuuliza kuna nini.

"Nipishe!"

Anarudi. Amekumbatia kiti —