Mwaka Huu Tumeshuka kwa Njia ya Bluu

Hinterlahn 14,
Tirol, Austria.
20 Machi, 1997.

Mpendwa mdogo wangu Vinzenz,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Australia, wewe na mkeo, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia habari zake kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Theluji bado imefika kwenye dirisha la jikoni, na mume wangu Luis analalamika kuizoa kwa koleo kila asubuhi, utadhani ni mimi niliyeimwaga.

Asante kwa picha. Umenenepa, na imekupendeza.

Sasa habari ya Baba, maana najua ndiyo unayoisubiri. Goti lake lililotiwa vyuma linamchukua vizuri, lakini daktari alimwambia mbele yangu kwamba akianguka tena vibaya, atatembelea magongo mpaka mwisho wa maisha yake. Baba alimshukuru, akarudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kupaka nta skii zake za kutelezea. Ana miaka sabini na tisa, na arobaini kati ya hiyo amewafundisha watu kuteleza kwenye theluji. Utamwambia nini?

Jana ilikuwa Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo tulipanda mlimani sote kama kila mwaka. Hujasahau utaratibu wetu: aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayechagua njia, na huteleza wa pili, nyuma tu ya kiongozi, akifuata alama zake. Aliye hodari kuliko wote huja mwisho, awaokote wanaoanguka. Ulipokuwa na miaka mitano ulitubakiza kwenye njia ya bluu, ile ya wanaoanza, na hakuna aliyenung'unika.

Ila utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya watoto. Hakuna aliyewahi kuwafikiria wazee. Mwaka jana mjukuu wangu Vroni alikuwa ameshaimudu njia nyekundu, ile ya kati, basi Baba akatangaza kwamba hakuna tena wa kutuchelewesha, twende nyeusi, iliyo kali kuliko zote. Tulikuwa watu kumi na mmoja pale juu, na kila mmoja aliona goti la Baba linavyotetemeka. Kila mmoja alimwachia mwenzake aseme. Baba alianguka kwenye mteremko wa pili, akateremshwa amefungwa kwenye sleji ya waokoaji, na waliomteremsha ni watu aliowafundisha mwenyewe. Nimeona aibu mwaka mzima, Vinzenz, kwa sababu nilinyamaza.

Basi jana nilijiandaa. Njia ya bluu ya msituni iko kivulini, na asubuhi huwa barafu tupu, mbaya kuliko hata nyekundu iliyopigwa na jua. Nikawachelewesha watu nyumbani kwa chai na mkate mpaka saa tano, ilainike. Tulipofika juu, Baba alikuwa ameshaelekeza skii zake upande wa nyeusi. Nikasema kwamba mwaka huu mimi ndiye dhaifu, kiuno kinanisumbua, na nimechagua bluu.

Baba alinitazama. "Burgi, juzi nimekuona unapandisha gunia la viazi kutoka chini. Sema unachotaka kusema."

Nikamwambia, "Baba, mwaka huu aliye dhaifu ni wewe."

Luis alijifanya anakaza kiatu. Baba alitazama bondeni, nami nilijua kwamba akiamua kushuka ile nyeusi, sina nguvu za kumzuia. Kisha akamgeukia Vroni, akamwuliza kama njia ya bluu bado inapita karibu na kile kibanda cha supu. Vroni akamjibu kwamba inapita, na madonge ya kwenye supu leo ni ya jibini.

"Basi ni bluu," akasema Baba. "Luis, tangulia, na usikate kona kama mlevi."

Akaenda mwenyewe kusimama nyuma ya Luis, pale tunapowaweka watoto. Mimi nikajipanga katikati, mahali pangu pa siku zote. Akaniita bila kugeuka, "Wewe nenda mwisho."

Hapo mwisho palikuwa pake tangu sijazaliwa. Nikaenda. Tulishuka polepole, kwa kona pana, na hakuanguka hata mara moja. Nina miaka hamsini na minne, na katika sikukuu zote hizo sikuwahi kuuona mgongo wa Baba. Yeye ndiye aliyekuwa akiutazama wangu. Anateleza vizuri mno, Vinzenz. Nililia mpaka miwani ikajaa ukungu, nikaifuta nikiwa mwendoni ili nisimpoteze machoni.

Mpe mkeo salamu zangu nyingi. Luis na Vroni wanakusalimu. Baba naye anakusalimu, na anasema ukija mwakani, kwa miaka uliyokaa bila theluji, wewe ndiye utakayeteleza wa pili, naye atasogea nyuma yako.

Mungu awalinde na awape afya mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka daima,
Burgi