Dada Yangu Alivyotutazama

Mume wangu Salumu,

Marahaba, na pole na masomo huko Mwanza. Huku Matombo hatujambo. Mama yako amepeleka ndizi mjini, na jino langu limetulia.

Umesema daktari anayekupima macho anauliza upofu wa ukoo wetu huanzia wapi. Kwamba kuna wanaoanza kujikwaa giza likiingia, na kuna wanaopotelewa na nyuso za watu mchana kweupe, na kila aina ina jina lake. Mwambie wetu huanzia katikati ya jicho.

Nilikuwa msichana, natoka kuchuma maharage na dada yangu Mwajabu. Njiani tukakutana na mjomba. Mwajabu akamwamkia shikamoo huku anatazama bondeni. Na mjomba kwetu Waluguru unajua ni nani, ndiye mkubwa wa ukoo! Akamshika kidevu, akamgeuza.

"Nitazame ninapoamkiwa!"

Mwajabu akaanza kulia. "Nikikutazama, mjomba, uso wako unafutika. Nikitazama bondeni ndipo nakuona, na jembe lako begani."

Mjomba alikuwa amemshika bado. Akamwachia polepole, akasema, "Marahaba, mwanangu." Tangu siku ile hakumuuliza tena anatazama wapi. Na Mwajabu alilima mpaka uzeeni, na jioni alirudi na njia zetu za mlimani bila kushikwa mkono.

Nawe ukija Idi, usijikaze kunitazama usoni. Tazama mlangoni, nami nitajua unaniangalia.

Bibi yako,
Mwanaidi