Uvimbe wa Mama Unalelewa Maabara

Shangazi Celina, shikamoo. Nisaidie, hata usingizi umenipaa. Mimi nauza vitenge Kariakoo, mama yangu alikatwa titi kwa sababu ya saratani, na kama desturi yetu tuliliomba titi lile, tukalifunga kitambaa cheupe, tukalizika, tukajua yameisha, kumbe wapi! Juzi nimempeleka kwenye dripu zake za dawa ya saratani, daktari wa utafiti, Neha, akaniita huku anatabasamu, akanionyesha kwenye kompyuta kitu chekundu, eti hiki ni kipande kidogo cha uvimbe wa mama, tulikibakiza siku ya upasuaji, tumekiotesha kwenye kitu mfano wa sponji, kinakula, kinakua, tunakijaribia dawa. Yarabi toba! Nilipiga ukelele wodi nzima ikageuka. Mama aliridhia mwenyewe, alitia sahihi, sikatai, ila mimi nilidhani anaridhia upasuaji tu. Nikamweleza Mjomba Sadalla, akawaka: sisi hata nywele na kucha hatuachi ovyo mtu asije akatuchezea, leo nyama hai ya dada yangu iko kwa watu, wakiilisha huko si ugonjwa unanenepa huku? Basi amempiga mama marufuku kwenda kwenye dripu mpaka kile kitu kirudishwe tukizike, na zamu yake imeshapita, naye amekaa tu mkekani. Shangazi, tukakidai vipi?

Badria, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Hata mimi nimesoma nikaweka kikombe cha chai chini. Nyama iliyokatwa kuendelea kukua si habari ya kuzoeleka, na huyo daktari angekukalisha kitako kwanza. Ila nilipofika kwenye dripu, mshtuko wangu ukahamia kwenu. Mmemwachisha mgonjwa dawa?

Kile kipande hakijaunganika na mama yako. Wakilishe, wakiue, yeye hasikii chochote. Wanakijaribia dawa ili wasibahatishe kwenye miili ya watu. Kama mama hataki tena, aende akaseme waache, na habari ya kukizika awaulize hapohapo. Lakini saratani iliyobaki mwilini, kama ipo, haingoji mazishi, Badria! Mwambie mjomba wako anayeogopa uchawi: dada yake hajarogwa, kanyimwa dawa, na aliyemnyima ni yeye.

Kesho asubuhi usifungue duka. Mpeleke mama hospitali, useme kweli kwamba amekosa zamu, wao watajua pa kuanzia. Mjomba apishe mlangoni. Na kabla hamjatoka, kaa na mama umuulize yeye anataka nini. Barua yako yote nimemsikia mjomba akifoka. Mwenye titi sijamsikia hata neno moja.